Dawa ya Presha Si ya Kichwa Kuuma

Wagonjwa wengi humeza dawa ya presha kichwa kikiwagonga tu, kikitulia wanaiacha. Ni kosa kubwa. Presha ya 140 kwa 90 na zaidi mara nyingi haiumi popote, huku ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Chukua mfano wa amlodipini, dawa ya kumeza mara moja kwa siku: huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya kuta za mishipa, misuli ikalegea, mishipa ikatanuka, msukumo wa damu ukashuka. Ukiiacha, siku chache baadaye mishipa inabana tena. Wapo inaowavimbisha miguu, na hilo linakera kweli. Basi mwambieni daktari awabadilishie, msijiachishe wenyewe.