Wanafunzi Wetu wa Kamera Wapige Picha za Nini?

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia na vijana waliochaguliwa kwenda kozi ya kupiga picha)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika mkutano uliopita. Mwalimu wa kozi anataka kila mwanafunzi achague mada moja, na kwa miezi mitatu apige picha za mada hiyo tu. Mwishoni ataonyesha picha kumi na mbili. Wengine wenu mlisema vijana wapige arusi, kwa sababu karo imetoka katika mfuko wa kikundi na pesa lazima zirudi. Wengine mkasema wapige umaskini wetu ili wafadhili waone. Na kijana mmoja, simtaji, akasema ati hapa kwetu hakuna kitu cha kupigwa picha.

Sina ugomvi na arusi. Kijana akiijua kamera, Jumamosi zake zitamlipa. Lakini arusi hutokea mara moja. Bibi arusi hatarudi ndani ya gari ashuke tena kwa sababu wewe ulisahau kuangalia jua liko upande gani. Mwanafunzi hujifunza kwa kurudi. Anapiga Jumatatu, jioni anatazama, anaona amekata miguu ya watu, Jumatano anarudi pale pale. Kwa hiyo mada ya kozi iwe kitu unachoweza kukifikia kwa miguu, bila nauli, hata mara ishirini. Yule anayetaka ndovu wa Amboseli atuambie kwanza nani atalipa kiingilio. Matanga nayo ni mabaya zaidi kwa mwanafunzi, maana mtu aliyefiwa hana nguvu za kukuambia ondoka.

Sasa huyu anayesema hakuna kitu. Mimi ningempeleka kwenye mashine ya kusaga mahindi, hii ya sokoni ambayo tunaipita kila siku. Asiandike mada yake kuwa “Chakula”. Hiyo ni kubwa, itamshinda hata akipewa miaka kumi. Asiandike “Soko” pia. Aandike hivi: “Siku moja ya mwendesha mashine, kutoka kuwasha mpaka kufagia.” Sentensi moja, basi. Halafu aende akaangalie. Kuna mshipi wa mashine uliokwisha kushonwa mara tatu. Kuna gorogoro iliyobonyea upande mmoja, ambayo akina mama huitilia shaka. Kuna nyusi za mwendesha mashine, saa nne zimekuwa nyeupe kama za mzee wa miaka tisini. Kuna daftari la madeni lililofungwa kwa kamba (hilo apige likiwa limefungwa, majina ya wadaiwa si yake). Kuna mtoto aliyetumwa, amelala juu ya gunia akingoja zamu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuhesabu hapo picha kumi na mbili.

Na kwa kurudi atagundua mambo ambayo hakuna kitabu kitakachomfundisha vizuri zaidi. Saa sita mchana jua likiwa utosini, macho ya watu huwa mashimo meusi. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, mwanga huingia kwa mlango na vumbi la unga linaonekana hewani. Atagundua pia kwamba mtu akisimama mbele ya mbingu nyeupe, simu hufuata mbingu na uso wa mtu mweusi unakuwa giza tupu. Aguse uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, au amwombe mtu ageuke. Ndiyo, wengi watatumia simu. Zamani filamu ilikuwa na picha 36 na kusafisha kulikuwa na gharama, mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi mtu anapiga picha mia mbili na hatazami hata moja.

Kuna mada nyingine ambayo sisi wa Ukambani tuna deni nayo. Mwaka 1937 zilipigwa picha za vilima vya Machakos. Udongo ulikuwa umeliwa na mvua, mabonde yamechimbika, miti ni ya kuhesabu. Mwaka 1991 watafiti walitafuta mahali pale pale wakapiga picha tena. Walikuta matuta, miti na mashamba yaliyotunzwa, ingawa watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Kazi kubwa ya matuta hayo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani mama zetu na nyanya zetu, kwa jembe na sepetu. Mtuta wa aina moja unajulikana mpaka ng'ambo kwa jina letu hili hili la Kiswahili, “fanya juu”. Bila picha ya 1937, nani leo angeamini? Kijana akichagua tuta moja la kikundi chake, asimame penye jiwe lile lile kabla ya mvua, wakati wa mvua na baada ya mavuno, ameacha kitu ambacho wajukuu wake watakishika.

Nimeacha umaskini mwisho, maana ndio uliotugawanya. Mnaweza kuniambia kwamba Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga filamu ya njaa kule Korem, Ethiopia, mwaka 1984, na dunia ikaamka. Ni kweli kabisa. Lakini watu walikuwa wanakufa, na habari haikuwa imefika. Mwanafunzi wetu anakaa na majirani zake miezi mitatu na baadaye ataendelea kukaa nao.

Mama mmoja niliyekuwa nikimtembelea kazini aliiona sura yake kwenye kalenda ya shirika fulani, imetundikwa katika ofisi. Amembeba mtoto mgonjwa, kanga imepasuka. Hakuna aliyemwomba ruhusa wala kumwuliza jina. Mtoto alikuwa amepona zamani na anasoma. Mama aliniambia, “Kwa hiyo mwaka mzima mimi ni mgonjwa pale ukutani.” Akina mama mliosema tuonyeshe umaskini, niulizeni kwa haki: mngependa kalenda hiyo iwe yenu?

Sisemi tufiche shida. Mwaka 1997 vijana wa Mathare walipewa kamera rahisi za plastiki, wakapiga maisha ya nyumbani na mitaani kwao, na mwaka 1999 picha zao zikatoka katika kitabu kilichoitwa Shootback. Shida ilionekana humo, lakini mwenye kamera alikuwa mwenyeji. Mtu anayepiga foleni ya maji huku naye ana mtungi wake kwenye foleni hupiga tofauti na mpita njia.

Basi mtu aulizwe kwanza, aelezwe picha itakwenda wapi, na akikataa akubaliwe bila kununiwa. Kwa mtoto aulizwe mzazi au mlezi. Hili si adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa habari zake binafsi. Na picha nzuri moja apelekewe mwenyewe, imechapishwa. Haina gharama kubwa, na mlango utabaki wazi ukirudi mara ya pili.

Karatasi ziko kwa katibu. Kila kijana aandike mada yake kwa sentensi moja, na chini yake aandike atakwenda huko siku gani na saa ngapi, na nani amekwisha kumpa ruhusa. Zirudishwe kabla ya Ijumaa. Anayechagua mashine ya kusaga asimwulize mwenye mashine peke yake, amwulize na yule anayeiendesha.