Python na Huduma za Ndani ya Simu: Tatizo la Skripti Zinazouawa Kimyakimya

Mada iliyowasilishwa katika semina ya maafisa TEHAMA wa halmashauri na wakufunzi wa vyuo vya ufundi

Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi lugha ya skripti inavyoweza kutumika kuzifikia huduma zilizomo ndani ya simu: ujumbe mfupi, GPS, kamera, betri, vitambuzi na sauti. Sehemu ya maana nitaipita haraka kwa kuwa wengi wenu mnaifundisha. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye jambo moja ambalo limetusumbua kwa miaka kadhaa: skripti inafanya kazi vizuri ikiwa mezani, lakini ikifika kituoni inauawa na simu yenyewe, na hakuna anayejua.

Maana na historia kwa ufupi

Lugha ya skripti ni lugha ambayo maagizo yake husomwa na kutekelezwa papo kwa papo, bila kujengwa kwanza kuwa programu kamili ya kusakinishwa. Python, Lua na JavaScript ni mifano inayofahamika. Faida yake kwenye simu ni kwamba fundi anaweza kubadili mstari mmoja akiwa kituoni na kuona matokeo palepale, bila kurudi ofisini kwenye kompyuta.

Jambo hili si geni. Nokia ilitoa Python kwa ajili ya simu zake za S60 zaidi ya miaka 20 iliyopita, na mistari miwili tu ilitosha kutuma SMS. Jirani zetu Kenya walilijaribu mapema: Nathan Eagle wa MIT alifundisha utengenezaji wa programu za simu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kupitia mradi wa EPROM, na huko Kilifi ukajaribiwa mfumo wa wauguzi kuripoti akiba ya damu kwa SMS. Wauguzi walianza kwa moyo, kisha ripoti zikapungua, kwa sababu gharama ya kila ujumbe iliwatoka mfukoni. Waliporudishiwa salio, ripoti zikarudi. Naomba mfano huo ukumbukwe, nitaurejea kwenye mapendekezo.

Kwa upande wa Android, mwaka 2009 Damon Kohler wa Google alitoa mazingira ya skripti yaliyokuja kujulikana kama SL4A. Leo chombo kinachotumika zaidi ni Termux, kilichoanzishwa na Fredrik Fornwall mwaka 2015, pamoja na nyongeza yake Termux:API. Skripti yenyewe haiigusi simu moja kwa moja. Inaita amri, amri hiyo inaifikishia Termux:API ombi, na Termux:API ndiyo yenye ruhusa ya kuuliza mfumo endeshi. Jibu hurudi katika muundo wa JSON, ambao Python inausoma bila shida.

Mfano tunaoutumia

Tumekuwa tukitumia simu za zamani kama walinzi wa umeme wa majokofu ya chanjo katika zahanati za vijijini. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na umeme ukikatika usiku hakuna anayejua hadi asubuhi. Simu inachomekwa kwenye soketi ileile ya jokofu. Umeme ukiondoka, chaja inakata, simu inagundua, na mganga mfawidhi anapata ujumbe. Kiini cha skripti ni hiki:

hali = json.loads(subprocess.check_output(["termux-battery-status"]))
if hali["plugged"] == "UNPLUGGED":
    subprocess.run(["termux-sms-send", "-n", namba, "Umeme umekatika"])

Nasisitiza kwamba simu hii haipimi joto la jokofu. Sehemu ya temperature inayoonekana kwenye jibu la amri hiyo ni joto la betri, na nimeshakutana na ripoti iliyoliandika kama joto la chanjo. Vifaa vya kurekodi joto kwa siku 30 vinavyopendekezwa na WHO vipo, na pale vilipo vibaki kuwa ndivyo vya kutegemewa. Simu inaziba pengo moja tu: kumwamsha mtu usiku.

Tatizo lenyewe

Ndugu washiriki, hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu.

Android haikutengenezwa iwe mlinzi. Imetengenezwa iwe simu ya mfukoni ambayo mwenyewe anataka chaji imfikishe jioni. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015 ina utaratibu unaoitwa Doze: simu ikiwa haijachomekwa kwenye chaja, skrini imezimwa na haisogezwi, mfumo unaanza kulala. Mtandao wa data unakatwa, kazi zilizopangwa zinasogezwa mbele, na hata maombi ya programu ya kuiacha prosesa macho yanapuuzwa, isipokuwa programu hiyo imesamehewa katika mipangilio ya betri.

Yasome tena masharti hayo matatu: haijachomekwa, skrini imezimwa, haisogezwi. Hivyo ndivyo simu yetu inavyokuwa ukutani umeme unapokatika. Wakati umeme upo, simu iko macho na haina la kusema. Umeme ukiondoka, ndipo inaposinzia. Ujumbe wa kwanza kwa kawaida hufika, kwa kuwa usingizi mzito hauji mara moja. Wa pili na wa tatu, zile taarifa za kila nusu saa kwamba umeme bado haujarudi, ndizo zinazopotea. Na jokofu zuri likiwa limefungwa huhimili muda fulani, kwa hiyo ujumbe wa saa ya tatu ndio unaoamua kama chanjo zihamishwe au zisihamishwe.

Kinachotokea ndani ni hivi. Skripti inasema time.sleep(1800), yaani subiri nusu saa. Prosesa ikilala, saa ambayo Python inaitumia kuhesabu subira hiyo nayo inasimama. Nusu saa ya skripti inaweza kuwa saa nne za ukutani. Hakuna kosa linaloandikwa popote. Asubuhi muuguzi akiichukua simu kuitazama, skripti inaamka na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Njia ya pili ya kuuawa ni kali zaidi. Android 12, iliyotoka mwaka 2021, iliweka ukomo wa michakato 32 ya pembeni kwa simu nzima, si kwa kila programu. Python iliyoanzishwa ndani ya Termux, pamoja na kila amri inayoiita, huhesabiwa humo. Ukomo ukipitwa, mfumo unachinja. Dalili yake ni mstari mmoja kwenye skrini: Process completed (signal 9). Mtu asiyeujua mstari huo anadhani skripti imemaliza kazi yake salama, kwa sababu ndivyo maneno yanavyosomeka.

Ya tatu ni ya watengenezaji wa simu wenyewe. Juu ya taratibu za Android, wengi huongeza za kwao za kuokoa betri, zenye majina tofauti na zilizofichwa katika kurasa tofauti za mipangilio. Simu mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa duka moja, zinaweza kutofautiana. Aidha, sasisho la mfumo linaweza kurudisha mipangilio uliyokwisha kuibadilisha.

Katika zahanati mojawapo, umeme ulikatika usiku na ujumbe wa kwanza ukafika kama ilivyopangwa. Haukufuata mwingine. Mganga mfawidhi, kwa nia njema kabisa, aliuelewa ukimya huo kuwa umeme umerudi, akalala. Umeme ulikuwa haujarudi. Simwoni kuwa na kosa. Mfumo ulimfundisha hivyo: ujumbe ukija kuna shida, usipokuja ni salama. Mfumo wa namna hiyo haufai kulindia kitu chochote, hata uwe umeandikwa kwa ufundi kiasi gani, kwa sababu mlinzi aliyekufa na mlinzi asiye na la kuripoti wanaonekana sawa.

Kuwaka upya na usalama

Yapo mengine mawili nitakayoyagusa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu hadi betri ikaisha, simu inazimika. Umeme ukirudi, simu nyingi huanza kuchaji tu, hazijiwashi. Lazima mtu abonyeze kitufe. Ikishawaka, nyongeza ya Termux iitwayo Termux:Boot inaweza kuanzisha skripti, lakini kama simu ina namba ya siri, kwa kawaida hilo halitokei hadi mtu aifungue kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tunavutwa pande mbili: namba ya siri inalinda taarifa, na namba hiyohiyo inamfungia mlinzi nje ya kazi yake.

La pili ni ruhusa. Ruhusa ya kusoma SMS au kujua mahali simu ilipo hupewa Termux:API, haipewi skripti moja moja. Ukishaikubali kwa ajili ya skripti yako, umeikubali kwa kila skripti itakayowekwa humo baadaye, pamoja na ile uliyonakili mahali bila kuisoma. Laini yenye akaunti ya fedha ikiwa ndani ya simu hiyo, meseji za miamala zinasomeka zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu hapa moja kwa moja, na si vyema ofisi ya umma ikaja kuikumbuka baada ya malalamiko.

Mapendekezo

Pendekezo la kwanza na lililo kubwa kuliko yote: ukimya uhesabiwe kuwa dharura. Kila simu itume ujumbe wa kuthibitisha uhai wake mara mbili kwa siku hata kama hakuna tatizo, ukiwa na asilimia ya chaji na saa ya tukio la mwisho. Kompyuta ya wilaya iwe na orodha ya simu zote, na ile isiyosikika kwa wakati itajwe kwa jina la kituo. Vilevile, ujumbe wa kukatika umeme ufungwe na ujumbe wa kurudi umeme. Usipokuja, mganga achukulie kuwa umeme haujarudi, aende akaangalie.

Skripti iandike saa kwenye faili kila dakika. Faili hiyo ndiyo shahidi: ukiona dakika 40 zimerukwa, simu ililala. Jaribio la kupokea mfumo lifanywe kwa kuchomoa chaja jioni, kuzima skrini, kuacha simu mezani bila kuguswa hadi asubuhi, kisha kusoma faili. Jaribio la dakika 10 mbele ya kamati, simu ikiwa mkononi na skrini inawaka, halithibitishi chochote. Naomba tuache kusaini hati za makabidhiano kwa msingi huo.

Kabla ya kununua simu nyingi, inunuliwe moja ya aina hiyohiyo na toleo hilohilo la Android, ipitishwe kwenye jaribio la usiku. Idara za manunuzi hulalamikia muda, lakini muda huo ni mdogo kuliko kuzunguka vituoni kukusanya simu zisizofaa.

Termux na nyongeza zake zote zisakinishwe kutoka chanzo kimoja, ama F-Droid ama GitHub. Zikichanganywa, saini zake hazilingani na nyongeza hukataa kusakinishwa au hazizungumzi na programu mama. Termux na Termux:API zote mbili zisamehewe kwenye mipangilio ya betri, na amri ya termux-wake-lock iwe ya kwanza katika skripti. Bila msamaha huo, amri hiyo haisaidii kitu Doze ikishaanza. Kuhusu ukomo wa michakato, Android 14 ina swichi ya kuuondoa katika mipangilio ya wasanidi programu. Kwa matoleo ya 12 na 13 itahitajika adb, kwa kawaida kupitia kompyuta. Baada ya kila sasisho la mfumo, haya yote yakaguliwe upya.

Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, isiwe na akaunti ya fedha, na simu isitumike kwa jambo lingine lolote. Hapo inawezekana kuondoa namba ya siri na kuifungia simu ndani ya kisanduku chenye kufuli na matundu ya hewa. Betri ikaguliwe kila mwezi kwa macho, kwa sababu simu inayokaa kwenye chaji usiku na mchana inaweza kuvimba betri, na betri iliyovimba karibu na jokofu la chanjo ni hatari ya moto.

Salio la SMS liwe kwenye bajeti ya halmashauri. Kilifi ilishatuonyesha nini hutokea linapoachiwa mtumishi, na ujumbe wa uhai mara mbili kwa siku unaongeza gharama hiyo.

Wakufunzi wa vyuo, naomba mada ya Doze na ukomo wa michakato iingie kwenye somo kabla ya mwanafunzi kufundishwa kutuma SMS kwa Python. Kijana anayeweza kuandika skripti ile ya mistari mitatu lakini hajui kwamba simu inaweza kuiua, anatoka chuoni akiwa na imani isiyo na msingi, na anayebeba gharama ni kituo.

Mwisho, Mwenyekiti, naiomba semina hii iazimie jambo moja kabla ya kufungwa: kwamba simu zote za aina hii ambazo tayari ziko vituoni zifanyiwe jaribio la usiku mmoja bila chaja, na matokeo ya faili zake yaletwe kwenye kikao kijacho, simu kwa simu.