Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Kutengeneza Randa



Seremala anayejitengenezea randa ya mbao huokoa fedha, ilimradi mwongozo anaoufuata uwe sahihi. Mwongozo mbovu humtia hasara mara mbili: fedha alizolipa, na kipande cha mninga alichokiharibu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kitabu, video au fundi wa kuwafundisha, tunawasihi mpime mambo manne. Je, mafunzo yanasisitiza mbao iliyokauka vyema, kwani mbichi hujipinda ikikauka? Je, yanataja pembe ya kulaza jino, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 45? Je, yanaeleza namna kabari inavyolibana jino, na kwa nini mdomo mpana huichana mbao? Je, yanaonesha randa iliyokamilika ikitoa maranda membamba?

Chuo kikijitangaza, ulizeni usajili wake NACTVET. Ushauri mnaweza kuutafuta VETA, au SIDO, inayohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973.

Mwisho, daini risiti na muitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lalamiko bila risiti ni gumu kulithibitisha.