Ndege Ikishaondoka: Kurudi kwa Faru Weusi Serengeti



Mei 2010 ndege ya mizigo ilitua Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ikiwa na faru weusi watano kutoka Afrika Kusini. Rais Jakaya Kikwete alikuwepo kuwapokea. Lilikuwa kundi la kwanza katika mpango wa kuleta faru 32. Ni rahisi kudhani kwamba tuliletewa wageni, lakini sivyo. Mwaka 1961 na 1962 faru saba walichukuliwa Kenya wakapelekwa Addo, Afrika Kusini, wakazaliana huko, na uzao wao ndio uliopanda ndege ile. Ni faru wa Afrika Mashariki, wa nasaba moja na waliokuwa wakizagaa Moru na ng'ambo zote mbili za Mto Mara.

Kilichowamaliza hapa kinajulikana. Pembe zilitakiwa Yemen kwa mipini ya majambia, na Mashariki ya Mbali kwa dawa. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwafyeka mamia, wakasalia majike wachache kwenye mawe ya Moru. Katika miaka ya 1990 dume aliyeitwa Rajabu alitoka Ngorongoro kwa miguu yake mwenyewe akawafuata huko, na kizazi kikaendelea. Siku hizi kila tunapozungumzia ndege na makreti, mimi humkumbuka Rajabu.

Dunia nzima sasa inarudisha wanyama iliowapoteza. Mwaka 2023 Ayalandi ilipokea vifaranga 12 vya furukombe, yule ndege mla samaki, kutoka Norwei. Huchukuliwa kabla hawajaruka, kwa sababu furukombe akikomaa hurudi kuzaa pale aliporukia mara ya kwanza. Anahama akiwa hana kwao bado, na mahali papya panakuwa kwao. Faru hana bahati hiyo. Huletwa akiwa na kwao tayari: anajua maji yake, vichaka vyake, na harufu ya kinyesi cha jirani yake. Ndiyo maana hufungiwa kwanza zizini, na wataalamu wengine hutandaza kinyesi chake porini kabla ya kumfungulia, ili akitoka akute dalili za kwao.

Zizini ndiko kazi ilipo. Faru mweusi hali nyasi. Mdomo wake wa juu una ncha inayoshika tawi kama kidole, kisha magego hulikata mshazari, safi kabisa. Mfuatiliaji mzoefu akiona kijiti kilichokatwa hivyo anajua nani amepita. Huyu aliyezaliwa Afrika Kusini atalazimika kula miti mingine, na zaidi ya yote atakutana na ndorobo. Mama zake wa Kenya waliwazoea; yeye hajawahi kuumwa nao, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, inaweza kumuua. Daktari wa mifugo wa wilayani anayeijua nagana ya ng'ombe ana la kumfundisha mtu yeyote aliyekuja na ndege.

Mwaka 2018 wenzetu wa Kenya waliwahamisha faru 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Hawakuvuka hata mpaka. Maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi. Kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Hakupona hata mmoja. Hasara hiyo inauma, na ni lazima isomwe na kila anayepanga safari nyingine, hata ya kilomita chache.

Sasa nije kwetu. Miongoni mwa wale watano wa 2010 alikuwamo dume aitwaye George. Mwaka haukuisha: Desemba majangili walimuua wakaondoka na pembe. Hata hivyo kazi haikusimama. Septemba 2019 faru tisa zaidi waliletwa kutoka Afrika Kusini hadi Grumeti, upande huu wetu wa magharibi. Kaskazini, kwenye vilima vya Nyamalumbwa, wapo wanaovuka kwenda Maasai Mara na kurudi bila kujua mpaka ni nini.

Huyo faru anayevuka usiku haonwi na waziri. Anaonwa na mchungaji wa Tarime, na alama ya buti za mtu asiyejulikana huonwa kwanza na mama anayekwenda kuteka maji. Kwa hiyo nasema wazi: fedha za mradi wa faru zihesabiwe pamoja na mahindi yanayoliwa na tembo Robanda na Natta. Aliyekesha akipiga debe kulinda shamba, kisha akalipwa kifuta jasho baada ya miaka, au asilipwe kabisa, hatuna haki ya kumwomba habari za majangili bure.

Jike hubeba mimba miezi 15 hadi 16, na baada ya kuzaa hupita miaka miwili na nusu hadi minne kabla ya ndama mwingine. Mpango wa miaka mitano, ndio ufadhili wa kawaida, humwona mama mmoja akizaa mara moja, labda mbili. Naomba chuo, halmashauri zetu za Serengeti na Tarime, na hifadhi wakae wapange kwa miaka 30, na vijana wa Mugumu na Nyamwaga waanze kusomeshwa udaktari wa wanyama mwaka huu.