Umbali Kwanza, Tundu Baadaye: Mada kuhusu Uchaguzi wa Lenzi za Potreti kwa Kamera Zisizo na Kioo

Utangulizi

Waandaaji wa semina hii waliomba mada fupi itakayomsaidia mpigapicha wa studio au wa harusi kuchagua lenzi moja ya potreti kati ya zile zinazouzwa sasa kwa kamera zisizo na kioo. Mada haikusudii kuipigia debe kampuni yoyote wala kuishusha nyingine. Majina ya lenzi yametajwa kwa sababu vipimo vyake vimechapishwa, na kila mshiriki anaweza kuvihakiki.

Istilahi

Washiriki wengi wanayajua haya, kwa hiyo yatapitiwa haraka. Lenzi ya praimu ni lenzi isiyozumu: urefu wake wa fokasi, unaopimwa kwa milimita, ni mmoja tu. Namba ya f hueleza ukubwa wa tundu. Namba ikipungua, tundu linapanuka na mwanga unaongezeka. Sensa ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Ile ya APS-C, inayopatikana kwenye kamera nyingi za bei nafuu, ina takriban 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo zaidi.

Heshima wanayopewa wenye lenzi za tundu kubwa ina historia yake. Mwaka 1840 Josef Petzval alisanifu lenzi ya potreti yenye tundu la f/3.6, na kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Kabla yake mtu alilazimika kukaa bila kujitikisa kwa dakika kadhaa mbele ya kamera. Wakati ule tundu kubwa lilikuwa jambo la lazima. Leo kamera hufanya kazi vizuri kwenye ISO 3200, lakini heshima ile ile imebaki, na wengi wanainunua kwa mkopo.

Kilichopo sokoni

Kwa fremu kamili, mazungumzo mengi huishia kwenye milimita 85. Sony ina 85mm f/1.8 ya mwaka 2017 yenye gramu 371. Nikon ina 85mm f/1.8 S ya 2019 yenye gramu 470, na dada yake ya f/1.2 S ya 2023 yenye gramu 1,160. Canon ilitoa RF 85mm f/1.2L mwaka 2019 kwa bei ya dola 2,699 nchini Marekani, ikiwa na gramu 1,195. Mwaka uliofuata ikatoa RF 85mm f/2 Macro kwa dola 599, gramu 500, inayoweza kufokasi kutoka sentimita 35. Wenye Fujifilm wana XF 56mm f/1.2, ambayo kwenye sensa yao ndogo huona upana ule ule wa milimita 85. Wanaopenda kusimama mbali wana milimita 135, mfano Sony f/1.8 GM ya 2019 au Nikon Plena ya 2023, kila moja ikikaribia kilo nzima.

Zote ni lenzi nzuri. Ukali wa picha haujawa tatizo la kweli kwenye kundi hili kwa miaka kadhaa sasa, na mabishano ya ipi ni kali kuliko ipi yanapoteza muda wa watu wenye kazi. Kamera isiyo na kioo hufokasi kwa sensa ile ile inayopiga picha na hutafuta jicho yenyewe, kwa hiyo hata ule usumbufu wa zamani wa kamera za kioo (DSLR), fokasi kudondokea kwenye sikio au kope, umepungua sana.

Tatizo lenyewe: chumba

Hapa mada inaomba uvumilivu wa washiriki, kwa sababu jambo hili mwasilishaji amelisema kwenye mafunzo kwa miaka mingi na bado linarudi.

Kijana anafungua studio kwenye fremu ya duka. Ana kamera ya APS-C. Ameambiwa kwamba lenzi ya potreti ni 85, basi ananunua 85. Siku ya kwanza anakuja mteja anayetaka picha ya mwili mzima na gauni lake la send-off. Kijana anarudi nyuma, anarudi tena, mgongo unagonga ukuta, na kwenye skrini ya kamera bado anaona kuanzia kifuani kwenda juu. Anatoka nje ya mlango na kupigia barazani, wapita njia wakikatiza katikati. Wiki ya pili lenzi inatangazwa kuuzwa. Kisa hiki si cha mtu mmoja. Mwasilishaji amekikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa anaweza kukisimulia kabla ya muuzaji kufungua kinywa.

Hesabu ya kuzuia hasara hii ni ya darasa la saba. Kamera ikisimamishwa wima, chukua urefu wa eneo unalotaka lionekane, zidisha kwa urefu wa fokasi, gawanya kwa 36 kama ni fremu kamili au kwa 23.5 kama ni APS-C. Jibu ni umbali kati ya kamera na mteja, ukipungukiwa sentimita chache tu. Mtu mzima pamoja na nafasi ya juu ya kichwa na chini ya miguu anahitaji kama mita 2.1. Kwa fremu kamili, milimita 50 inadai karibu mita 3, milimita 85 inadai mita 5, na milimita 135 inadai kama mita 8. Ile 85 ikifungwa kwenye APS-C inadai zaidi ya mita 7 na nusu.

Hapo bado mteja hajasogezwa mbele ya kitambaa ili kivuli chake kisiangukie ukutani, na mpigapicha mwenyewe ana mwili unaochukua nafasi. Tuseme fremu ya duka ina urefu wa mita 4.5. Toa mita 1 nyuma ya mteja, toa sentimita 60 za mpigapicha, zinabaki mita 2.9. Kwa umbali huo, 85 kwenye fremu kamili itaonyesha urefu wa takriban mita 1.2 tu, yaani nusu ya mwili. Kwenye APS-C itaonyesha sentimita 78. Milimita 50 kwenye fremu kamili itaonyesha mita 2.05, na mteja wa kawaida anaingia mzima, viatu vyake vikiwemo. Kwa APS-C, kazi hiyo hiyo inafanywa na milimita 35.

Wapo watakaopinga kwamba 50 inaharibu sura: pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Pingamizi hili linarudiwa hata na walimu, na ndilo linalouza lenzi zisizotoshea vyumba. Pua inakuzwa na umbali. Lenzi haina mkono katika jambo hilo. Ikiwa ncha ya pua iko sentimita 12 mbele ya masikio, mpigapicha anayesogea hadi sentimita 60 atapata pua iliyokuzwa kwa asilimia 20 kuliko masikio. Akisimama mita 2, tofauti inashuka hadi asilimia 6. Hesabu hiyo haibadiliki kwa kubadilisha lenzi, kwa sababu milimita hazikuingia popote ndani yake. Mwenye 50 anaharibu sura pale tu anaposogea ili kichwa kijaze picha. Akibaki mita 2 na kuikata picha baadaye kwenye kompyuta, uso utakuwa na uwiano ule ule ambao 85 ingeuonyesha kutoka hapo hapo.

Je, kuikata hakupunguzi ubora? Kunapunguza, na ni vizuri kujua kwa kiasi gani. Picha ya megapikseli 24 iliyopigwa kwa 50 na kukatwa hadi upana wa 85 inabaki na megapikseli 8 na kidogo. Kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni karibu karatasi ya A4. Wateja wa studio ndogo huomba picha kubwa kuliko hiyo mara chache.

Ufinyu wa nafasi haukuanza leo. Seydou Keïta, aliyeendesha studio yake Bamako nchini Mali kuanzia mwaka 1948, alipiga potreti nyingi uani kwa mwanga wa jua, na shuka la kitanda chake ndilo lililokuwa mandharinyuma yake ya kwanza. Ua ulimpa nafasi na mwanga kwa pamoja. Mwenye fremu ndogo Temeke au Likoni, ikiwa nyuma ya jengo kuna uwanja wenye kivuli, anaweza kufanya vivyo hivyo asubuhi na alasiri, na hapo ndipo 85 itamlipa.

Kuhusu tundu

Wanaouliza kama wajibane wanunue f/1.2 wanastahili jibu la vipimo. Kutoka f/1.8 hadi f/1.2 mwanga unaongezeka mara 2.25, yaani kazi iliyohitaji ISO 3600 itafanyika kwa 1600. Ukumbini usiku, taa za rangi zikizunguka na bibi harusi akiingia, huo ni msaada wa kweli.

Gharama yake iko machoni. Kwa watu wazima wengi mboni mbili zina kama sentimita 6.3 kati yao. Mtu akigeuza uso nusu, jicho la mbali linakuwa nyuma ya la karibu kwa sentimita 4.5 hivi. Kwa 85 kutoka mita 2, fokasi ikiwa kwenye jicho la karibu, f/1.2 inatoa takriban sentimita 2 za ukali nyuma yake, f/1.8 inatoa kama 3, na ni kufikia f/2.8 ndipo jicho la pili linapoingia, tena kwa shida. Bwana na bibi harusi wakisimama bega kwa bega, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, f/1.2 itamchagua mmoja wao. Mama wa yule aliyefifia ataliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo wapigapicha wengi wenye f/1.2 huifunga hadi f/2 au f/2.8 kwa kazi za kulipwa. Katika hali hiyo wenye ile ya Canon wamelipa zaidi ya mara nne ya bei ya f/2 na kubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake, ili wapige picha ambayo lenzi ya dola 599 ingeipiga. Mwenye kazi nyingi za usiku, mwenye bima na mwenye msaidizi wa kubeba mzigo, na anunue. Mwenye studio ya mchana hana sababu.

Mapendekezo

Kwanza, kila mshiriki apime chumba chake kwa futi kamba kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, na aandike umbali unaobaki baada ya kutoa nafasi ya mandharinyuma na yake mwenyewe.

Pili, aanze na picha inayoombwa zaidi na wateja wake. Kama ni mwili mzima, hesabu ifanywe kwa mita 2.1. Kama ni nusu ya mwili, kwa sentimita 90.

Tatu, mwenye APS-C asinunue 85 kwa sababu mwenzake wa fremu kamili anayo. Atazame 35 kwa chumba kidogo, na 50 au 56 kwa chumba kinachofikia mita 7. Nne, mpigapicha asisogee karibu na uso kuliko mita 1.5 bila sababu ya kisanaa, lenzi iwe ipi. Tano, akate picha bila kuona haya.

Sita, f/1.8 ichukuliwe kuwa inatosha mpaka kazi zenyewe zitakapoonyesha kwamba haitoshi. Saba, kabla ya kununua lenzi ghali, mpigapicha aipitie folda ya harusi tatu za mwisho na aangalie ni tundu gani alilitumia hasa. Kamera imeiandika namba hiyo kwenye kila faili.

Nane, kwa walio pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, lenzi iliyotumika imulikwe kwa tochi kabla ya kulipiwa. Unyevu huzalisha kuvu kati ya vioo, na kuvu wakishakula kioo hakuna fundi atakayekirudisha. Lenzi nyumbani ihifadhiwe kwenye boksi la plastiki linaloziba, pamoja na pakiti za kufyonza unyevu.

Tisa, walimu wa upigapicha waache kufundisha kwamba 85 ndiyo lenzi ya potreti bila kutaja sensa na urefu wa chumba. Pendekezo hili linarudia la kwanza na la tatu, na limerudiwa kwa makusudi.

Kumi, waandaaji wanaombwa kwa heshima kwamba semina ijayo isianzie kwenye meza ya maonyesho ya lenzi. Ianzie kwenye fremu halisi ya duka, ikiwa na mteja mmoja, kitambaa kimoja na futi kamba, na kila mshiriki asimame mahali atakaposimama siku ya kazi. Kwa fremu ya mita 4.5 na kamera ya fremu kamili, lenzi ya kwanza ya kununua ni milimita 50 f/1.8.