Sipati Usingizi, Daktari: Dawa za Usingizi na Sonona kwa Wenye Maradhi ya Kudumu



Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walianza kupewa dawa mpya iliyoitwa iproniazidi. Watu waliokwisha kukata tamaa wakachangamka, wakadai chakula, wakaonekana wakicheza wodini. Mwaka 1957 Nathan Kline na wenzake wakatangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa sonona. Baadaye iliachwa kwa sababu iliumiza ini, lakini njia ilikuwa imefunguka. Nimeanzia hapo makusudi. Moja ya dawa za kwanza za sonona ilitoka kitandani mwa mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu, na inaniuma kwamba mgonjwa wa aina hiyo ndiye tunayemsahau.

Mwenye kisukari hupatwa na sonona takriban mara mbili ya asiye nacho. Basi tumtazame mzee mwenye kisukari na shinikizo la damu. Anaketi, anasema: "Daktari, sipati usingizi." Ni rahisi mno kumwandikia diazepamu, naye aondoke ameridhika. Lakini aulizwe kwanza: mzee wangu, unaamshwa na nini?

Kama ni haja ndogo, huenda sukari imepanda, au dawa ya kuongeza mkojo anaimeza jioni badala ya asubuhi. Hapo tiba ni kurekebisha sukari, au kubadili saa tu. Kama nyayo zinamwaka moto, mishipa ya fahamu imeathirika, na amitriptilini miligramu 10 au 25 usiku inaweza kupunguza maumivu na kumlaza. Dozi hiyo kwa kawaida haitoshi kutibu sonona. Tena akiwa na tezi dume iliyovimba, inaweza kumzuia mkojo kabisa. Akiwa na ugonjwa wa moyo, tahadhari iongezeke.

Na kama anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, moyo mzito, hatamani chakula wala mazungumzo ya wajukuu, na hali imedumu wiki mbili au zaidi, hapo tufikirie sonona. Diazepamu haiitibu. Akitumia kwa muda mrefu mwili unaizoea, uzeeni inamwangusha, na akiiacha ghafla anaweza kupata hata degedege. Fluoksetini inaweza kumfaa, ila aambiwe mapema kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, kwamba ni vema aimeze asubuhi, na kwamba sukari ipimwe kwa karibu kwani inaweza kushuka.

Wakati mwingine dawa yenyewe ndiyo inayovuruga usingizi, na wanaoishi na VVU wanalijua jambo hili vizuri. Efavirenzi iliwaletea wengi ndoto za kutisha. Hata dolutegraviri huwanyima baadhi yao usingizi, na kuihamishia asubuhi mara nyingi husaidia.

Ndiyo maana nasema sonona itibiwe katika kliniki ileile ya kisukari, ya moyo au ya VVU, na daktari anayeona orodha nzima ya dawa. Kumtuma mgonjwa jengo jingine, kwa tarehe nyingine na nauli nyingine, ni kumpoteza.

Nanyi wagonjwa na ndugu zao, nawasihi: siku ya kliniki bebeni dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba. Msiache dawa ghafla. Na anayewaza kujiua asingoje tarehe yake. Asindikizwe hospitali siku hiyohiyo.