Kijana Mwenye Usonji Safarini: Mfano wa Kimihurura, Kigali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Waislamu wa Afrika ya Mashariki wameipenda safari tangu zamani. Baba husafiri kwa biashara, mama huenda kuwatazama jamaa, na kijana aliyefaulu mtihani hupelekwa kuona miji ya watu. Lakini zipo nyumba ambamo mtoto mmoja, siku ya safari, huachwa kwa shangazi. Haachwi kwa kuchukiwa. Wazazi huona haya, na huogopa atakayoyafanya mbele ya watu. Mtoto huyo ni yule mwenye usonji, na habari zake ndizo zilizokusudiwa katika hotuba hii.

Usonji si wazimu, wala si kazi ya majini. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni. Mwaka 1943 Dakta Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na kwa miaka mingi baada yake wako wataalamu waliomtupia mama lawama, wakidai kwamba hakumpenda mwanawe ipasavyo. Elimu imekwisha kuibatilisha lawama hiyo, ila mitaani ingali hai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, msikiti unaojaza watu 500 siku ya Ijumaa ungetazamiwa kuwa nao kama wanne, lau wote wangeletwa.

Wenye usonji hawafanani. Mmoja hasemi neno. Mwingine husema sana juu ya jambo moja alipendalo. Aghalabu hutaka mambo yaende kwa utaratibu wanaoujua, na masikio, macho au ngozi zao hupokea kwa nguvu nyingi yale ambayo wengine hawayatambui: mlio wa honi, mwanga wa taa, mshono wa kanzu shingoni. Yanapomzidi, kijana huweza kulia, kupiga kelele au kujiangusha chini. Mtazamaji huita utovu wa adabu. Kwa kweli ni mtu aliyelemewa.

Sasa na afikiriwe mama wa Dar es Salaam aliye na mwana wa miaka 16. Kijana husema kidogo, hupenda tarakimu na majengo, na amekata gazetini picha ya jumba la mikutano la Kigali Convention Centre akaibandika ukutani. Kila siku huitazama. Mama ataka kumpeleka alione kwa macho yake. Jumba hilo, lililofunguliwa mwaka 2016, liko Kimihurura, katika wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Kuba lake limebuniwa kwa mfano wa nyumba ya jadi ya mfalme wa Rwanda, na usiku huwaka taa za rangi zinazoonekana toka vilima vya mbali. Ndugu wamwambia mama: "Huyo atafaidi nini huko?" Swali hilo halimpasi mtoto mwingine yeyote, hakuna aulizwaye atafaidi nini kwa kuona Kigali.

Shida ya kwanza haiko Kigali, iko njiani. Basi hukata nchi nzima hadi Rusumo, penye daraja la mto Kagera. Tangu mwaka 2016 maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja mpakani, kwa hiyo foleni ni moja mahali pa mbili, nayo ni faida kubwa kwa mtu asiyeweza kusubiri katikati ya msongamano. Lakini ng'ambo ya mto magari hupita mkono wa kulia. Mtu mzima hushangaa kidogo, kisha akasahau. Kijana ambaye maisha yake yote ameona gari likishika kushoto huweza kuamini kwamba dereva amekosea na kwamba wote watakufa. Akipiga kelele hapo, ana sababu.

Saa nayo hubadilika. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Aliyezoea kula saa saba kamili ataambiwa kwamba bado ni saa sita, na tumbo lake halikubali. Hata kibla husogea: Dar es Salaam huelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na Kigali huelekea kaskazini kwa kupinda upande wa mashariki.

Mama mwenye busara humchorea mwanawe daftari. Ukurasa huu, basi, huu, daraja, huu, gari mkono wa kulia, huu, saa inayorudishwa nyuma. Wiki kadhaa kabla ya safari hulisoma pamoja kila usiku, mpaka kijana aweze kulisoma peke yake. Mambo yale yale yanayomtisha yakimjia ghafla, yakitangulia kwenye karatasi huwa ni mambo anayoyangojea.

Liko jambo la sala, nalo halizungumzwi mara nyingi. Msafiri hupewa ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili. Wazazi hufurahi, na kijana hukasirika: rakaa mbili nyingine zimekwenda wapi? Katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani, kupunguza huku ni ruhusa, si faradhi. Kwa hiyo mama wa madhehebu hayo anayeona kwamba mwanawe hupata utulivu kwa rakaa nne kamili aweza kusali naye nne, wala hana kosa. Au amchoree kabla. Ruhusa imewekwa kumwondolea msafiri mashaka, na huyu mashaka yake ni ya namna nyingine.

Wakifika Kigali, pikipiki ndizo zitakazowaita kwanza. Huko pikipiki hubeba abiria mmoja tu, naye hulazimika kuvaa kofia ngumu ambayo wengine wameivaa kabla yake. Mama angekuwa juu ya pikipiki moja na mwanawe juu ya nyingine. Afadhali teksi ya gari, japo ghali zaidi. Siku nazo zichaguliwe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na maduka na usafiri husimama kwa saa kadhaa. Asiyejua atadhani mji umekufa. Ziko pia Jumapili ambazo, tangu mwaka 2016, barabara kadhaa kuu hufungwa kwa magari asubuhi ili watu watembee na kufanya mazoezi. Honi hupungua, lakini watu huwa wengi. Mama humjua mwanawe ni lipi limwumizalo zaidi.

Kimihurura humfaa mpenda tarakimu. Barabara za Gasabo huitwa kwa herufi KG na namba, zimeandikwa kwenye vibao, na kijana aweza kuzifuata kama anayesoma jedwali. Huko pia ndiko liliko Bunge, ambalo mwezi wa Februari 2017 lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Hata hivyo Kinyarwanda ndicho lugha ya nyumbani na sokoni. Yafaa mama achukue kadi iliyoandikwa Kinyarwanda, yenye maneno machache ya kueleza hali ya mwanawe. Katika kiwanja cha ndege cha Gatwick, Uingereza, mwaka 2016 ulianzishwa utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, uvaliwao shingoni na mwenye ulemavu usioonekana. Kadi ya mama hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa gharama ya karatasi.

Ndani ya jengo la Bunge imo makumbusho ya vita vya kuyakomesha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Je, kijana aingizwe? Wako wenye usonji ambao picha wakishaiona haiwatoki tena, na wako wanaotaka kujua kila tarehe. Hapa hapana kanuni. Mama aingie peke yake kwanza, kama yuko mtu wa kumwachia.

Na kuba lenyewe? Kijana huenda akalitazama saa mbili bila kusema, akihesabu. Asiharakishwe. Stephen Wiltshire, mchoraji wa London mwenye usonji, alichelewa sana kusema utotoni. Mwaka 2005 alirushwa kwa helikopta juu ya Tokyo kwa muda mfupi, kisha akalichora jiji lile kwa kumbukumbu kwenye turubai la urefu wa mita 10. Si kila mwenye usonji ana kipawa cha namna ile, wala mzazi asikingoje ndipo amthamini mwanawe. Lakini kutazama kimya ni kutazama.

Ikitokea akalemewa pale barabarani, watu watakusanyika, na siku hizi watatoa simu wapige picha. Yawapasa kinyume chake: wasogee, wapunguze sauti, wasimshike, wasimrundikie maswali, wamuulize mama neno moja tu, kama ataka msaada. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisikia kilio cha mtoto msikitini akaifupisha sala, kwa kujua uchungu wa mama yake. Hakuamuru watolewe nje. Waislamu wa Nyamirambo au wa mji wowote wapokeao wageni kama hawa waweza kuwawekea nafasi karibu na mlango, mbali na kipaza sauti, na kuwaambia jamaa wa safu za mbele wasigeuke.

Kurejea nako ni safari. Pale Rusumo gari hurudi kushoto, saa husogezwa mbele, na kijana aliyekwisha kuzoea ya Kigali huyapoteza tena. Ukurasa huo wa mwisho wa daftari ni rahisi kuusahau, kwa kuwa wazazi huwa wamechoka na nyumbani ni karibu. Mama auchore kabla hawajatoka Dar es Salaam.